Mkazi wa Kwanza

Jumatatu asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, ujumbe uliingia kwenye simu iliyokuwa juu ya meza ya cherehani, nyumba namba kumi na mbili. Mwenye simu alikuwa anaoga. Mkewe alikuwa na pini tatu mdomoni na sketi ya mteja mapajani, akausoma ujumbe bila kutoa hata pini moja.

"Ndugu Mkazi wa Kwanza," ujumbe ulisema, "katika uhakiki wa mwaka tumegundua kwamba ndani ya nyumba yako wanaishi watu watatu wasioandikishwa: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja na bibi kizee mmoja. Pole sana kwa usumbufu. Ofisi itakuondolea watu hao Jumatatu ijayo saa nne asubuhi, nawe utakabidhiwa ufunguo mbele ya wakazi wenzako. Endelea kuwa mkazi mwema."

Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya mwanamume wa makamo, kavaa miwani na shati la buluu, meno yote nje.

"Mama," yule mke aliita, pini zikimchezea mdomoni, "tunafukuzwa."

"Na nani?" mama yake aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha karibu na mlango.

"Sijui. Na mtu anayecheka."

Mtaa ulimwita mwanamke huyu Fundi, kwa sababu ya cherehani, na mama yake ulimwita Bibi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Mume aliitwa Injinia. Uinjinia hakuusomea popote. Siku moja aliifufua simu ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, jina likamganda, naye hakujihangaisha kulibandua.

Injinia alitoka bafuni na povu sikioni. Aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akakaa, na alipokaa alikaa juu ya sketi ya mteja.

"Huyu namjua," alisema.

"Ni nani?"

"Si mtu."

Fundi alizitoa pini zake moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa sindano. Alipokuwa akifanya hivyo polepole namna ile, watu wa nyumba ile walijua kwamba jambo halijaisha. "Nieleze vizuri," alisema, "maana mtu ambaye si mtu anakuja kuchukua nyumba yangu Jumatatu."

Injinia akaeleza. Ndiye aliyeutengenezea Umoja programu ya wakazi, ile iliyo kwenye kila simu ya mtaa na kwenye kompyuta ya ofisi, inayoonyesha nani anakaa wapi, nani amelipa ada na nani amekwepa usafi wa Jumamosi. Wakati wa kuijenga palihitajika mkazi mmoja wa kujaribia, na huyo mcheka hovyo ndiye aliyekuwemo tayari. Injinia akampachika namba ya nyumba aliyoikumbuka haraka, yaani ya kwake, na namba ya simu aliyoikumbuka haraka, yaani ya kwake. Baadaye alijaribu kumfuta, lakini kila alipomfuta programu nzima iligeuka nyeupe kama ukuta, kwenye simu na kwenye kompyuta. Akamwacha. Akasema atamtoa baadaye.

"Na sisi je?"

"Nilipokuwa naandikisha mtaa, nikifika kumi na mbili naona imeshajaa. Nikawa naruka."

Fundi alimtazama mume wake kwa muda ambao chai iliutumia kuchemka na kumwagika. "Nyumba mia moja arobaini na nne," alisema. "Mpaka banda la mlinzi umeliandika. Mpaka tangi la maji lina namba yake. Mkeo umemwandika wapi?"

Mganga hajigangi, ni kweli, lakini hakuna mke aliyewahi kutulizwa na methali hiyo. Injinia alichukua kitambaa, akaanza kufuta chai iliyomwagika.

Nyumba zile zilikuwa mali ya Umoja, na sheria yake ilikuwa fupi: anayekaa ni aliye kwenye orodha. Nyumba kumi na mbili ilikuwa ya chini, haina ngazi hata moja, na hilo si jambo dogo kwa Bibi ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake. Dirisha lake lilitazama njia, na wateja wa Fundi walipitishia nguo hapohapo. Watoke nyumba ile, waende wapi? Ghorofani, Bibi asishuke tena mpaka siku ya kubebwa? Injinia alivaa viatu, akaenda ofisini.

*

Mlangoni mwa ofisi palikuwa na skrini ya kuchukulia foleni. Ilimwomba namba ya nyumba. Aliandika kumi na mbili, na skrini ikamkaribisha Mkazi wa Kwanza kwa jina na kumpa nafasi ya mbele kabisa. Injinia alijiona amebahatika. Alipofika dirishani, Karani alitazama kioo cha kompyuta yake, akamtazama yeye, akatazama tena kioo.

"Wewe si huyu," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi toka kwenye nafasi yake. Wageni wanaandika kwenye daftari la wageni, wanakaa benchi la kule."

Alikaa benchi la wageni saa mbili nzima, katika ofisi ambayo yeye mwenyewe alivuta nyaya zake ukutani. Juu ya kichwa chake ilining'inia nakala ya cheti alichopewa: "Kwa Mbunifu Wetu, aliyeijenga programu hii kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho." Siku alipokabidhiwa watu walisimama kumpigia makofi. Ni kilemba cha ukoka alichovishwa, na alikivaa mpaka kikamkaa vizuri.

Karani hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka tisa alikuwa ametunza daftari kubwa la wakazi, na kwa miaka tisa hiyo kila aliyenyimwa nyumba alisema Karani kala rushwa. Programu ilipokuja alipata usingizi kwa mara ya kwanza. Daftari aliliuza siku ileile kwa muuza karanga, na ukurasa wa nyumba kumi na mbili, kama ulikuwepo, watu walishaula na chumvi yake.

"Mimi nakujua, Injinia," alimwambia ilipofika zamu yake. "Mkeo kanishonea gauni hili. Bibi namsalimu kila asubuhi. Lakini hapa humo."

"Mbonyeze tu, uniandike mimi mahali pake."

"Na ile sheria uliyoiweka wewe? Mwenye kufaidika na badiliko haligusi. Gauni hili nililipunguziwa bei. Nikikubadilishia, si nimefaidika?"

Sheria hiyo Injinia aliitunga usiku mmoja kwa furaha kubwa, akajisifu nayo kwa mkewe wiki nzima.

"Huyo mtu hayupo, mama," alisema, akiwa ameshusha sauti.

"Hayupo vipi? Ada kalipa mpaka mwisho wa mwaka. Usafi wa Jumamosi hajakosa hata mmoja. Malalamiko dhidi yake, sifuri. Wewe umewahi kuhudhuria usafi mara ngapi?"

"Ni data za kujaribia."

"Unataka kuniambia programu yako inasema uongo?"

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, wazi kabisa, na Injinia aliuona. Angesema tu. Lakini nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wanne wenye masikio, na mitaa mitatu ya jirani ilikuwa imeshamwomba programu kama ile. Akasema hapana, programu haina uongo, labda kuna utata kidogo. Karani akamwandikia rufaa kwa mkutano mkuu wa Jumamosi, akampa karatasi yenye kichwa cha habari "Malalamiko ya Mvamizi".

*

"Niambie kitu kimoja," Fundi alisema Jumatano, akiwa anakata kitambaa. "Huyo mcheka hovyo alikuwemo tayari. Alikuwemo ndani ya nini? Si uliijenga kuanzia mstari wa kwanza?"

Injinia alikuwa amekaa sakafuni na kompyuta yake, akijaribu kwa mara ya arobaini kuingia kwenye programu ambayo alishanyang'anywa funguo zake siku alipoikabidhi kwa Umoja. Alijifanya hakusikia. Fundi aliacha mkasi.

"Kuna kitu kinaitwa kiolezo," Injinia alisema hatimaye. "Watu wanakiweka mtandaoni, bure. Ni programu iliyokwisha jengwa nusu: ina mlango wa kuingilia, orodha, picha, vitufe, na inakubali kwenye simu zote na kwenye kompyuta. Wewe unaanzia hapo. Kila mtu anaanzia hapo. Si wizi."

"Nani kasema wizi?" Fundi aliinua karatasi yake ya kukatia, ile ya kahawia iliyochakaa pembeni. "Hii niliichora mimi? Nilipewa na aliyenifundisha, naye alipewa. Kila gauni la mtaa huu limetoka hapa. Lakini nikishakata nampima mwenye gauni, nashikiza kwa uzi mweupe, namvalisha, narekebisha, halafu uzi wa kushikizia nautoa. Wote. Mteja hatoki hapa na nyuzi zinaning'inia makwapani. Wewe ulibadilisha nini?"

"Rangi," Injinia alisema. "Na jina la mtaa."

"Rangi na jina."

"Na ile sheria."

Bibi, ambaye walidhani amesinzia, alicheka mpaka kiti kikalia. "Mkwe wangu," alisema, "umejipalia makaa, na bado unaona aibu kusema unaungua."

Kabla hajajibiwa, muuza vitunguu wa nyumba ya jirani alichungulia dirishani akiwa na simu mkononi na pumzi juu. Alikuwa amempeleka dada yake zahanati, akafungua programu ya zahanati achukue zamu, na ajabu, yule Mkazi wa Kwanza, ambaye mtaa ulishamwita Mwenye Miwani, alikuwemo! Daktari wa zamu! Shati lilelile, cheko lilelile.

"Kumbe ni daktari, jamani, na hasemi," muuza vitunguu alisema kwa heshima. "Msije mkagombana naye. Mtu mkubwa yule." Akaacha vitunguu viwili dirishani, akasema ni vya Mwenye Miwani atakapokuja.

Fundi aliufunga mlango wa dirisha. "Jumamosi utasimama," alimwambia mumewe, "utasema kila kitu. Kiolezo, rangi, cheti. Kila kitu."

"Watanicheka. Ile mitaa mitatu itaondoka."

"Ningekuwa nimeandikwa humo hata kama mjakazi wa huyo bwana, ningekuonea huruma," alisema Fundi, na sauti yake ilikatika katikati. Alikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira alikuwa ameumia, na Injinia alilijua hilo kwa namna alivyorudia kukata mahali alipokwisha kata.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti, mwanamume mnene aliyependa kuitwa wa kisasa, alifungua mkutano kwa kusema kwamba mtaa wao hauna daftari tena na hautarudi kwenye daftari kamwe. Alipigiwa makofi. Kisha akamwita mvamizi wa nyumba kumi na mbili ajieleze.

Injinia alisimama. Alikuwa amevaa shati alilooa nalo, nalo lilimbana shingoni. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona ameketi nyuma kabisa na Bibi, na Bibi akamwonyesha kwa kidole: sema.

"Ndugu zangu, programu sikuijenga mimi," alisema. "Niliikuta mtandaoni, ya bure, imeshajengwa. Nikabadilisha rangi na jina la mtaa. Nilipopewa cheti ningesema, nikanyamaza. Huyo Mkazi wa Kwanza alikuja na kiolezo. Ni picha. Hayupo, hajawahi kuwepo. Nilimsahau humo, na mke wangu nikamsahau nje. Naomba radhi, kwenu na kwake."

Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Sauti moja ikatoka nyuma: "Na ile rangi?"

"Rangi ni yangu."

"Rangi ni nzuri," watu walikubaliana.

"Mimi sioni tatizo," alisema dereva wa lori. "Ya bure au ya kununua, si inafanya kazi? Mwenye Miwani analipa ada. Wewe Injinia ada ya mwezi uliopita umelipa?"

"Nitalipaje na mimi simo?"

"Si umeona!"

Injinia alikuja na ushahidi. Alikuwa amekesha akiutafuta, na sasa aliunganisha kompyuta na skrini kubwa ya ukumbini. Akawaonyesha programu ya zahanati: daktari wa zamu. Akawaonyesha ya shule: mzazi wa mwaka. Akawaonyesha ya mabasi ya masafa marefu: abiria wa kiti cha mbele. Akawaonyesha ya watengeneza majeneza, ambako Mwenye Miwani alicheka chini ya maneno "Mteja aliyeridhika".

"Mnaona? Uso mmoja kila mahali! Wote wametumia kiolezo kilekile. Anaweza mtu mmoja kuwa yote hayo?"

Watu walitazama kwa muda mrefu. Wazee wawili walivua kofia.

"Daktari," alihesabu muuza vitunguu kwa vidole, "mzazi wa mwaka, anasafiri, na hata jeneza kashanunua mapema asisumbue watu. Mtu wa shughuli kiasi hicho, na nyumba yake moja tu ya kupumzikia mmeiingilia!"

"Mpigieni simu!" Injinia alipiga kelele. "Mpigieni basi! Namba yake imo humo. Mpigieni mumsikie!"

Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa wa kisasa, alibonyeza. Mfukoni mwa Injinia simu ikaanza kulia. Aliitoa, akaiinua juu ili kila mmoja aione, uso wake uking'aa kwa ushindi. "Ni namba yangu! Mmeamini sasa?"

Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja.

"Kumbe na simu kamwibia," alisema dereva wa lori.

Jumba bovu likamwangukia mtu huku ameinua mikono. Karani peke yake alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoulizwa maoni yake alisimama, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anamjua Bibi, anamjua Fundi, na kwamba hajawahi kumwona Mwenye Miwani kwa macho. "Lakini nikimtoa mmoja kwa sababu nimemwonea huruma," alisema, "kesho mtasema nimekula. Mlishasema. Miaka tisa." Na kweli, wote walikuwa wameshasema.

Kura zilipigwa kwenye simu. Watu wa nyumba kumi na mbili, kwa kuwa hawamo, hawakupiga. Mkazi wa Kwanza alipiga: kiolezo kilimfundisha kuunga mkono kila hoja. Makabidhiano yakabaki palepale, Jumatatu, saa nne.

Njiani kurudi nyumbani Injinia alimshika Bibi mkono mmoja, Fundi mkono mwingine. Walitembea hivyo mpaka kwenye tangi la maji.

"Umesema," Fundi alisema.

"Haikusaidia."

"Nimesema umesema."

*

Jumatatu saa tatu vyombo vyao vilikuwa nje. Godoro, masufuria, kabati lenye mlango mmoja, rundo la nguo za wateja, vyote vilipangwa kando ya njia mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuona godoro lao lilivyobonyea upande mmoja. Fundi aliweka cherehani kwenye saruji, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaendelea kushona ile sketi. Mwenye sketi alikuja, akasimama kidogo, akasema hana haraka. "Mimi ninayo," Fundi alimjibu bila kuinua kichwa.

Bibi peke yake hakutoka. Kiti chake kilikuwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, na vijana wawili wa ofisi waliotumwa kumhamisha walimsalimia, wakamwona anavyowatazama, wakaenda kuhesabu masufuria.

Saa nne kasoro robo wakazi walifika na nguo zao nzuri. Muuza vitunguu alibeba maua. Mwenyekiti alivaa tai. Ufunguo ulilazwa juu ya trei, juu ya kipande cha kitambaa chekundu ambacho Fundi alikitambua: kilitoka kwenye mabaki yake mwenyewe. Watu walisimama mistari miwili, wakaacha njia katikati, wakatazama kule barabarani.

Saa nne ikafika. Barabarani alipita mbuzi.

Saa nne na dakika tano mtu akakohoa. Saa nne na dakika kumi Mwenyekiti alilegeza tai. Wakazi walianza kutazamana, na machoni mwao, kwa mara ya kwanza, palipita kitu kama mashaka. Injinia alikiona.

Hapo simu ya Karani ikalia mlio mmoja mdogo. Karani alisoma, akasoma tena. "Makabidhiano, nyumba kumi na mbili," alisema taratibu. "Mkazi wa Kwanza: amehudhuria."

"Huwa anajihudhurisha mwenyewe!" Injinia alilia. "Kila mkutano, kila usafi, ndivyo kiolezo kilivyotengenezwa! Hayupo, jamani! Tazameni, hayupo!"

"Punguza sauti," muuza vitunguu alimnong'oneza. "Atakusikia."

Mistari miwili ilijibana nyuma kidogo, kama watu wanaompisha mtu mwenye mwili. Mzee mmoja aliinama nusu. Mwenyekiti alikohoa, akaukabili uwazi uliokuwa mbele ya mlango, akatoa hotuba. Aliusifu uwazi huo kwa uaminifu wake, kwa usafi wake, kwa udaktari wake. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio, kwa kuwa hakuwa mjinga, bali alikuwa ameshawaambia wenyeviti wa mitaa mitatu kwamba programu yake haikosei. Alimaliza. Akauchukua ufunguo kwenye trei, akaunyoosha mbele yake, akasubiri kidogo, kisha akafungua vidole.

Ufunguo ulianguka kwenye saruji. Ulilia, ukaruka, ukatulia karibu na mguu wa kiti cha Bibi.

Mkono wa Mwenyekiti ulibaki hewani, wazi. Watu wote waliutazama ufunguo, na kila mmoja alijua anachokiona, na kila mmoja alisubiri mwingine aseme.

Bibi alinyoosha fimbo yake, akauvuta ufunguo kwa ncha mpaka miguuni, akainama kwa shida, akauokota, akauweka chini ya gauni lake, akaukalia.

"Ameuangusha," alisema. "Ndivyo walivyo watu wenye shughuli nyingi. Mimi nitamshikia. Akiutaka, aje aniombe mwenyewe."

Mwenyekiti alishusha mkono kama mtu aliyetuliwa gunia. "Hilo," alisema, "ni wazo la kisasa kabisa."

Karani aliandika haraka kabla mtu hajabadili nia: ufunguo umepokelewa. Halafu alijifuta macho, akasema ni vumbi. Dereva wa lori alikuwa wa kwanza kubeba. Alisema haifai nyumba ya Mwenye Miwani ibaki tupu, wezi wataingia, akachukua godoro. Wengine wakachukua kabati, masufuria, nguo. Katika dakika kumi nyumba kumi na mbili ilijaa tena vitu vyake. Maua yaliwekwa kwenye mtungi, karibu na vitunguu.

*

Saa kumi jioni, sketi ilipokwisha kuchukuliwa, Fundi alimwita mumewe asimame katikati ya chumba. Alikuwa na futi shingoni, penseli nyuma ya sikio, na lile daftari lake la vipimo ambalo ndani yake kulikuwa na karibu kila bega la mtaa.

"Kwa nini?" Injinia aliuliza.

"Shati lile linakunyonga. Simama wima. Jina?"

"Si unanijua?"

"Jina. Kesho nitajuaje nilimpima nani?"

Akalitaja lile alilopewa na mama yake, ambalo mtaa haukuwahi kulitumia. Fundi akaliandika juu ya ukurasa mtupu. Bega. Mkono. Kifua. Kiuno, ambacho kilipungua tangu Jumatatu iliyopita, akakinung'unikia. Alipiga mstari chini yake. "Haya. Kuna mahali umo sasa."

"Na mimi niandikwe," Bibi alisema kutoka kizingitini. "Ila sisimami. Nina kitu nimekalia."

Fundi alimwandika mama yake kwa makadirio ya miaka thelathini ya kumshonea. Kisha alivua futi shingoni, akampa mumewe, na penseli, na daftari. Injinia alivishika vitu hivyo akiwa hajui aanzie wapi. Hakuwahi kumpima mtu. Alifungua ukurasa mpya, akaandika jina la mkewe, polepole, herufi moja moja, akalitazama. Macho yalimjaa machozi na hakuyaficha. Halafu akauzungusha mkono wake hewani, mbali kidogo na bega la mkewe, akaanza kuandika namba aliyodhani inafaa.

Fundi aliushika ule mkono, akauweka begani kwake.

"Usikisie," alisema. "Nipo hapa. Nipime."